Mwaka Nilioitwa Mama Vyombo

Juzi nilitoka nyumbani. Naandika hivyo kana kwamba ni habari kubwa, kwa kuwa kwangu ni habari kubwa. Mke wangu anasema siku nikifa majirani watachelewa kujua, maana hawataona tofauti yoyote. Nilitoka kwa sababu Mzee Firmini amefariki na kilio chake kilikuwa Nyakabiga, katika ua mdogo uliofunikwa turubai la buluu, viti vya plastiki vikiwa vimebanana hadi barabarani. Nilikuwa nimejichagulia kiti karibu na ukuta, kama kawaida yangu, nikapewa soda ya moto, nikawa nasikiliza wanawake wawili nyuma yangu wakibishana kwa sauti ya chini kama wali umetosha au haukutosha. Ghafla mtu mmoja mnene, mwenye ndevu za mvi, akasimama katikati ya waombolezaji akanyoosha kidole. “Mama Vyombo!” akapiga kelele. “Yesu wangu, Mama Vyombo angali mzima!” Watu wote wakageuka. Mke wangu, ambaye nimemuoa miaka kumi na saba na kumficha jambo moja tu, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. “Anakuita wewe?” akauliza. Nikasema ndiyo. Akasema, “Leo tukifika nyumbani utaongea.” Niliongea. Na kwa kuwa nilishaanza, naona niandike pia, kabla Bahati, yule mnene, hajaeneza habari hii kwa namna yake, maana yeye ni muuza ndagala sokoni na huko habari hukauka haraka kuliko samaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza sekondari, nimepanga chumba kimoja Mutakura, na nilikuwa tayari mtu wa ndani. Vijana wenzangu walikwenda mpira, ufukweni, harusini hata wasikoalikwa. Mimi nilikuwa na kitanda, redio na jiko la makaa, nikashindwa kuelewa wanatafuta nini huko nje. Tabia hiyo ilinipa kazi ambayo sikuiomba: mtaa mzima ulinifanya stoo. Mtu akisafiri, ufunguo kwa Melki. Mtu akinunua mbuzi wa sikukuu, kamba kwa Melki. “Mwachie Melki, yeye hatoki,” walisema, na mimi nikafurahi kama mtu aliyepewa cheo. Ndipo jirani mmoja, Dezire, akaja jioni na magunia matatu mazito, akayasukuma chini ya kitanda changu, akasema atayachukua keshokutwa. Keshokutwa walikuja polisi. Ndani ya magunia mlikuwa na cherehani tatu za Mama Neema, fundi wa nguo wa mtaa huohuo, mwanamke kutoka upande wa Uvira aliyekuwa akiwalea watoto wake na kuwafundisha wasichana wanne kushona kwa cherehani hizo hizo. Dezire alikuwa ameshavuka mpaka. Mimi, bila shaka, nilikuwa nyumbani. Mbele ya hakimu nilisema sikujua kilichokuwamo. Nilipewa miaka mitatu kwa kuficha mali ya wizi, na nilipokuwa natolewa mahakamani, Mama Neema alisimama kwenye benchi akanipigia kelele: “Si unapenda kukaa ndani? Haya, kaa ndani!” Watu walicheka. Hata mimi, naona haya kusema, nilitaka kucheka.

Gereza sitalielezea sana, wapo wanaolijua vizuri kuliko mimi. Kuta ndefu, kiwanja kimoja, watu wengi kupita kiasi, na ndani humo serikali nyingine kabisa, ya wafungwa wenyewe, iliyoongozwa na mfungwa mmoja tuliyemwita kapita. Kapita wetu alikuwa Mzee Firmini, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya na daftari la shule chini ya kwapa. Katika daftari hilo aliandika nani kapigana, nani kaiba sabuni, nani kamtunza mgonjwa. Wiki yangu ya tatu alinisimamia nilipokuwa nimeketi kwenye mkeka wangu. “We kijana, wenzako wote wanazunguka kiwanja kama mbuzi wa kamba. We unakaa tu. Unaumwa?” Nikamjibu, “Apana, muzee. Mi ni mutu wa nyumbani.” Akafungua daftari. “Basi umefika nyumbani,” akasema, akaandika kitu kwenye daftari. Baadaye sana alinionyesha alichoandika: *mtulivu*. Ndivyo nilivyoanza kupata sifa. Sikupigana, kwa sababu kupigana kunaanza na kusimama. Sikucheza kamari, kwa sababu wachezaji walikuwa upande wa jua. Mwalimu wangu wa hesabu aliwahi kuandika kwenye ripoti yangu “mvivu wa hali ya juu”, na sasa mambo yaleyale yakaitwa mwenendo mwema.

Miezi miwili ikapita, Mzee Firmini akanipa kazi ya vyombo. Lazima nieleze, maana bila hiyo hakuna kisa. Chakula cha gereza kilikuwa maharage na unga wa muhogo, na asiyekuwa na mtu wa nje alikula hicho hicho hadi alipoanza kuota nyanya. Mwenye bahati aligemuriwa, yaani ndugu zake walimletea chakula. Siku za kugemura wanawake walipanga foleni tangu asubuhi kwenye lango la nje, na bakuli, sufuria, termosi na sahani zilizofungwa kwa vitenge. Polisi walifunua, wakachoma kijiko katikati ya ugali kuona kama kuna kitu, kisha vyombo vikapita hadi lango la ndani, ambako mtu mmoja alivipokea, akaita majina, akavigawa, akavikusanya vikiwa vitupu, akavirudisha. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa vita. Vifuniko vilibadilishana, sufuria zilipotea, wanawake walishikana vitenge langoni kwa ajili ya bakuli la bati. Mimi nilipenda ile kazi siku ile ile. Ilifanyika kwa kuketi. Nilijua sufuria ya nani imebonyea wapi, nilijua mkono wa nani unazidisha chumvi, na kwa harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, peke yake niliweza kumwambia mtu, “Kaka, leo mke wako ana hasira, kula polepole.” Zaidi ya hayo, niliviosha. Hakuna aliyeniambia nivioshe. Nilikuwa nakaa na vyombo vichafu mbele yangu kwa saa nzima, vikinitazama, na mimi sina ugonjwa mwingine ila huo. Ndipo wakanipa jina la Mama Vyombo. Mwanzoni nilikasirika kwa siku nzima. Halafu nikaona kwamba watu wanaoitwa Mama Vyombo hawachokozwi na mtu yeyote, kwa kuwa kesho watakuwa wameshika sahani yako.

Mwezi wa tano wa kifungo changu, nikiwa nimeketi penye kazi yangu, nikasikia sauti kutoka lango la nje: “Bahati wa Uvira! Ya Bahati, hii, na musimwage supu!” Mkono wangu ukabaki hewani. Sauti ile nilikuwa naisikia usingizini. Ilikuwa ya Mama Neema. Mdogo wake, Bahati, kijana mwembamba wakati huo, huwezi kuamini ukimwona leo, alikuwa ameingia wiki hiyo kwa kumgonga mtu na pikipiki. Hakuwahi kuishi Mutakura, hakunijua. Kwake mimi nilikuwa Mama Vyombo tu. Na dada yake hakuweza kuniona, kulikuwa na malango mawili na ukuta kati yetu. Bakuli likanifikia: la bati jeupe lenye mstari wa kijani, limefungwa kipande cha kitambaa kilichopindwa ukingoni kwa mshono mdogo, ulionyooka kama umepigwa rula. Nilikaa nikiutazama mshono ule. Ulikuwa wa cherehani, kwa hiyo nikajua kwamba mashine alirudishiwa.

Bahati alikula, akaniletea bakuli, nikaliosha mara mbili, na ilipofika kulirudisha mkono ukakataa. Sisi sote tulilelewa hivyo, uwe Mrundi, Mkongomani au Mwarabu wa madukani: chombo kilicholeta chakula hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kitupu. Unaweka hata ndizi mbili, hata chumvi kidogo kwenye karatasi. Mwaka ule sikuwa na ndizi wala chumvi. Nilikuwa na kitalu cha lenga-lenga, mchicha wetu, upana wa mkeka, nyuma ya jiko, kando ya mfereji, ambacho Mzee Firmini aliniruhusu nikilime kwa sababu nilikimwagilia maji bila kusukumwa. Nikachuma shada moja, nikaliosha, nikalifunga kwa uzi wa gunia, nikaliweka ndani. Wiki iliyofuata Bahati akaniambia, “Dada anasema asante. Anasema mboga zako hazina muchanga.” Sikulala vizuri kwa furaha. Kisha nikaona si haki kumpa mmoja, kwa hiyo nikaanza kuweka lenga-lenga katika kila chombo, mashina matano, kumi, kadiri kitalu kilivyoruhusu. Polisi wa lango la nje walikuwa wazee wazee. Waliona, wakanyamaza, mmoja hata akaomba fungu lake.

Sheria ilikuwa wazi, na mimi niliijua: kitu kinaweza kuingia ndani ya chombo, lakini hakitoki. Nasisitiza hilo kwa sababu nikisimulia watu hudhani nilikuwa mjinga. Sikuwa mjinga. Nilifanya tu kile nilichofanya maisha yangu yote, nilitumaini kwamba jambo likikaliwa kimya litapita.

Wakati huohuo jina langu lilikuwa linapanda. Kulikuwa na kile tulichokiita kondisyoneli: mtu aliyetumikia sehemu ya kifungo kwa mwenendo mwema anaweza kutoka kabla ya siku yake, kwa masharti. Asubuhi moja Mzee Firmini alikaa kando yangu kwenye beseni, akakunja suruali, akafungua daftari. “Orodha inaondoka mwisho wa mwezi,” akasema. “Nimekuweka wa pili.” Nikashika ukingo wa beseni. Miaka miwili! Miaka miwili ambayo ningeilala kwenye kitanda changu. Nikamuuliza, “Na wewe muzee, ni wa kwanza?” Akacheka kwa pua. “Mi? Mi bado wananihitaji.” Alikuwa na kifungo kirefu, na alikuwa kapita mzuri mno, nadhani alijua kuwa kuna uzuri unaomfungulia mtu mlango na kuna uzuri unaoufunga. Hakulalamika. Alichukua sahani moja niliyoiosha, akaigeuzageuza, akasema, “Siku hizi chache usifanye kitu chochote, mutoto yangu. Kaa tu. Si ndiyo kazi unayoijua?”

Wiki ileile akaletwa kaporali mpya lango la nje. Kijana, mwenye mkanda uliong'aa, aliyeamini kwamba kila kitu duniani kina maana. Siku ya kugemura alifunua sufuria zilizokuwa zinarudi, akakuta majani. Hakuyatupa. Aliyahesabu. Nilisikia mwenyewe, kupitia ukuta: “Hapa mashina kumi na mawili. Hapa tisa. Hapa kumi na mawili tena. Hii hesabu ni ya nini? Wanaambiana nini?” Nusu saa baadaye vyombo vyote vilikuwa vimepangwa chini uani, kati ya malango mawili, kila kimoja na shada lake kando, kama maonyesho ya kilimo, na mimi nimesimama mbele yavyo. Mkurugenzi wa gereza akatoka ofisini akiwa na uso wa mtu aliyekatizwa chai. Mzee Firmini akaitwa na daftari lake. Na wanawake, kwa sababu walikataa kuondoka bila vyombo, wakaruhusiwa kuingia uani, kumi na wanane au ishirini, wakasimama upande wa pili wakiwa wameshika viuno. Mama Neema alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Nilikuwa nimenyolewa na kukonda, na hakunitambua, nami nikainamisha kichwa ili asinitambue.

“Nani aliweka?” Mkurugenzi akauliza.

“Mimi, mkurugenzi.”

“Kwa nini?”

Hapo ndipo mtu mwenye elimu ya sekondari angetoa maelezo. Nilisema, “Vilikuwa vitupu.”

“Alama, mkurugenzi,” kaporali akasema. “Wanapanga kutoroka. Mashina ni idadi ya watu.”

“Kutoroka?” akasema Mzee Firmini. “Huyu? Mukurugenzi, huyu kiwanjani kwenyewe hafiki.”

Wanawake wakaanza kunong'ona, halafu bibi mmoja mfupi mwenye khanga ya kijani, ambaye kila wiki alimletea mjukuu wake termosi ya uji, akatoka kwenye mstari. “Mwanangu mukurugenzi,” akasema kwa upole wa kuogopesha, “mama yako alikufundisha kurudisha sahani ya jirani tupu?”

Mkurugenzi akakohoa. Akamgeukia kaporali. “Kwenu mnarudisha tupu?”

Kaporali akafikiri. Alikuwa kijana mwaminifu, nampa hilo. “Apana, mukurugenzi,” akasema. “Lakini kwetu si gereza.”

Hata Mkurugenzi alicheka, na kicheko chake kikawapa wanawake ruhusa, ua mzima ukacheka, wakaanza kuchukua vyombo vyao na mboga zao bila kungoja hukumu. Hukumu ilikuwa hii: tangu leo hakuna jani litakalotoka. Kaporali ameandika ripoti, na ripoti itakaa kwenye faili. Lakini jina litabaki kwenye orodha, ikiwa karatasi ya mtaa itafika kabla ya mwisho wa mwezi. Karatasi hiyo ilikuwa sharti la kondisyoneli: nyumbakumi, yule jirani anayesimamia nyumba kumi na kujua nani amelala wapi, aandike kwamba mtaa unakubali urudi, na aliyekosewa naye atie sahihi. “Una mtu wa kukupelekea?” Mkurugenzi akauliza. Sikuwa naye, watu wangu walikuwa mbali milimani. “Mtaa gani?” “Mutakura.” Na kabla sijameza mate, ile sauti ikasema, “Mutakura? Mi ni wa Mutakura. Leta hapa, nitamupelekea huyu Mama Vyombo. Mboga zake nimekula miezi sita.”

Ningeweza kusema, apana mama, acha, nitatafuta mwingine. Nilinyamaza. Mkurugenzi akampa karatasi, na yeye, kwa kuwa ni fundi na hachukui kazi bila kuitazama, akaisoma. Alisoma jina langu kwa sauti, pole pole, kama mtu anayesoma kibao cha kaburi. Halafu akaisoma tena, kimya. Alinyanyua macho akanitazama, na sasa alinitambua. Nilingoja arukie benchi, ingawa hapakuwa na benchi. Aliikunja karatasi mara nne, akaiingiza kwenye kifua cha blauzi, akachukua bakuli lake. Lenga-lenga aliziacha chini.

Wiki ile sikula vizuri, na mimi nikikosa kula si jambo dogo. Siku ya kugemura ilipofika bakuli la mstari wa kijani lilikuja kama kawaida, na nyuma yake polisi akaja kuniambia nina mgeni. Tangu nifungwe sikuwahi kupata mgeni. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, pochi magotini, na hakunisalimia.

“Kumbe ni we kweli,” akasema.

“Ni mimi, mama.”

“Ulijua ni mi? Hizi miezi zote?”

“Nilijua siku ya kwanza. Kwa sauti.”

“Kwa hiyo ulikuwa unanioshea bakuli ili nikusamehe.”

“Apana, mama. Naosha za wote.” Nilikuwa nasema kweli, na nikaona haimtoshi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kimya kikanichosha. “Lakini kuna kitu,” nikasema. “Kule kwa hakimu nilidanganya. Nilifungua gunia moja. Kwenye pembe. Niliona gurudumu la cherehani na ile kamba nyekundu uliyofunga kwenye mkono wake. Nilijua ni zako. Nikafunika.”

Pembeni yetu mtu alikuwa anamuuliza mkewe kama kuku ametaga. Mama Neema alisimama, akarekebisha kitenge. “Nyumbakumi anangoja mi tu,” akasema. “Nyumba zingine zote zilikubali, wajinga hao, wanasema wanakosa mutu wa kuachia funguo.” Akaondoka. Nilipomweleza Mzee Firmini, alijishika kichwa kwa mikono miwili. “Ulimwambia? Siku tisa zimebaki, na ulimwambia? Mwaka muzima mi naandika kwamba we una akili!” Kisha akachukua kalamu, akaandika kitu kwenye daftari. Hicho hakunionyesha kamwe. Juzi kwenye kilio nilitamani kumuuliza mjane wake kama daftari lile lipo, nikaona si mahali pake.

Huwa natafakari, hasa sasa ninapokuwa nimeketi, yaani daima, juu ya ile sifa ya mwenendo mwema. Nadhani kati ya siku zote za mwaka ule nilikuwa na mwenendo mwema kwa dakika nne tu, pale kwenye benchi la wageni, na ndizo dakika ambazo hazikuweza kuandikwa kwenye faili lolote kwa manufaa yangu. Siku zingine zote nilikuwa nimekaa. Lakini serikali haiwezi kuona ndani ya mtu. Inaona aliyekaa na asiyekaa, na mimi sitaikosoa, maana ilinifaa.

Siku tatu kabla ya orodha kuondoka alirudi. Hakuomba kuniona. Tangu siku ya mboga wanawake waliachwa wafike hadi uani, kwa hiyo alimpa polisi bakuli la Bahati, kisha akasukuma karatasi kwenye tundu la lango la ndani, hadi nilipokaa, akaongea kupitia chuma, nikiona kidevu chake tu.

“Sijakusamehe,” akasema. “Nimetia sahihi. Ni vitu viwili, usivipike kwenye sufuria moja.”

“Ndiyo, mama.”

“Nyumbakumi aliniuliza, akirudi hataiba? Nikamwambia huyo hawezi kuiba. Mwizi anatoka nje.” Nyuma yake wanawake wakacheka, yeye hakucheka. “Ukitoka, kabla ya kwenda kwako, unakuja kwangu. Ile uliyoniambia mi, utaiambia watoto wangu na wale wasichana. Walikaa wiki tano bila kazi.”

Walinitoa asubuhi moja, wiki iliyofuata, mimi na wengine sita. Mzee Firmini alinisindikiza hadi lango la ndani, akanionyesha mbele ya wote kwa mrithi wangu wa vyombo, jambazi mstaafu mwenye mikono kama majembe, akimwambia, “Angalia vizuri, hivi ndivyo mutu anavyotoka.” Nilitembea kutoka kusini mwa mji hadi Mutakura kwa miguu, mimi, kwa sababu sikutaka kufika haraka. Nilipita Musaga, nikapita mjini, nikaona kwamba jua lilikuwa zuri na watu wengi walikuwa nje, na haikuwa mbaya kama nilivyodhani. Nilipokaribia nyumba ya Mama Neema nilipunguza mwendo. Mlango ulikuwa wazi. Wasichana wanne walikuwa kazini, watoto watatu walikuwa wamekaa juu ya kitanda wakishona vifungo kwenye mashati ya shule, na Mama Neema mwenyewe alikuwa na pini mdomoni. Alinionyesha kigoda kwa kidole. Mashine zikasimama, moja baada ya nyingine.

Nikasema yote. Magunia, pembe, gurudumu, kamba nyekundu, hakimu. Sikuongeza kwamba nilikuwa kijana, wala kwamba nilimwogopa Dezire, kwa sababu sikumwogopa. Walinisikiliza bila kutikisika. Kisha Neema, binti mkubwa, kama miaka minane hivi, akaweka sindano chini na kuuliza swali ambalo hakimu, mwendesha mashtaka na wakili hawakulifikiria.

“Polisi iko pale kwenye kona. Kwa nini haukuenda kusema?”

Nilitafuta jibu la heshima, lenye hofu au urafiki ndani yake, na sikulipata, kwa sababu halikuwapo.

“Nilikuwa nimeshavua viatu,” nikasema.

Msichana mmoja akaweka kiganja mdomoni. Mtoto mdogo akacheka kwanza, kisha wasichana, wote wanne, hadi mmoja akaegemea cherehani, na Neema akawa ananitazama tu, kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu mzima asiyejua kusoma. Mama Neema alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Alitazama miguu yangu. Nilikuwa nimeviacha viatu mlangoni, kwa adabu.

“Haya, vaa,” akasema, akichukua kitenge chake. “Nyumbakumi anataka kukuona kabla ya saa sita. Nakupeleka mi mwenyewe.”

Nikavaa. Tukatoka.